Mazulia ya Mshazari ya Malé

Katika Hukuru Miskiy, msikiti wa zamani wa Ijumaa mjini Malé, Maldivi, mazulia yametandikwa mshazari. Jengo linatazama magharibi ilhali kibla imeelemea kaskazini kidogo, hivyo safu za wanaosali huelekea pembe ya ukuta. Sultani Ibrahim Iskandar wa Kwanza aliukamilisha msikiti huo wa matumbawe mwaka 1658, na inaelezwa kuwa msingi wake ulikuwa wa hekalu la kale.

Kwa karne nyingi visiwa hivyo vilikuwa vya Wabudha, vyenye watawa na nyumba zao za ibada. Mwaka 1153 mfalme akasilimu. Msafiri Ibn Battuta, aliyekuwa amepita Kilwa mwaka 1331, alipofika Maldivi alisimuliwa kisa cha jini la baharini lililodai mwanamwali kila mwezi, hadi Mmaghribi Abu al-Barakat alipolifukuza kwa kusoma Kurani usiku kucha. Wengine husema aliyewasilimisha ni Yusuf wa Tabriz.

Kisa kitamu, lakini mabamba ya shaba ya Isdhoo, hati ya wakfu ya msikiti ya mwishoni mwa karne ya 12, yana habari nyingine. Hayo yanataja sanamu kuvunjwa, na watawa kupelekwa Malé wakauawa. Jini halimo.

Dini ya mfalme ilibadilika upesi; mila za nyumbani zilijikokota. Karibu miaka 200 baadaye, wakati wa Malkia Khadija, Ibn Battuta alipewa ukadhi. Aliwakuta watu wacha Mungu, ila si kwa kiwango alichokitaka. Waliokosa sala ya Ijumaa aliamuru wachapwe. Wanaume wapatao 25 waliobaki na wake waliokwisha kuwapa talaka walipigwa na kutembezwa sokoni. Kwa mavazi, alishindwa: wanawake waliendelea kuacha vifua wazi, na alichoweza ni kuwazuia wasiingie hivyo barazani kwake. Kiboko kilifika msikitini na sokoni. Kwenye mavazi hakikufika.

Leo Uislamu ni sharti la uraia: Katiba ya 2008 inasema asiye Mwislamu hawezi kuwa raia wa Maldivi. Sanamu za Kibudha zilizochimbuliwa ardhini zilibaki kama kumbukumbu tu, katika Makumbusho ya Taifa. Februari 2012, katika ghasia za kuanguka kwa serikali, kundi la watu lilivamia makumbusho hayo na kuzivunja karibu zote.