Usilaumu eksirei: historia ya ule mkanda wa eapoti

Wasee, binamu yangu anarudi kutoka Dubai mwezi ujao na ameahidi kuniletea kadi ya grafiki. Kwa mtu anayehariri video chumbani hapa Salgaa, kwa mashine inayohema kama trela ikipanda Sachangwan, hiyo si zawadi ndogo. Jana akanitumia ujumbe wa sauti: "Buda, hii kadi ikipita kwa eksirei si itakufa?"

Miaka miwili iliyopita ningemjibu ndiyo.

Wakati huo nilisafiri kwa ndege nikiwa nimeweka diski yangu ya nje ndani ya sanduku, lile linaloenda tumboni mwa ndege. Kufika, diski haisomi. Ndani yake kulikuwa na saa kadhaa za shosho akisimulia utoto wake, na shosho alikuwa ameshatutoka. Kila niliyemwambia alisema ni eksirei. Nikaamini, nikalaani ile mashine mtandaoni, nikapata laiki nyingi. Baadaye fundi mmoja wa Nakuru mjini akaifungua akanionyesha: kichwa cha kusomea kilikuwa kimekwaruza sahani. Hiyo ni alama ya kugongwa. Diski ya aina ile huandika kwa sumaku, na eksirei si sumaku. Inachoweza kuharibu ni filamu za kamera za kitambo. Kadi, RAM, prosesa, mazabodi, hata diski yenyewe, vyote vinapita salama. Shosho aliuawa mara ya pili na sanduku kurushwa, na mimi ndiye niliyemweka humo.

Sasa kama ile mashine haitudhuru, kwa nini inatusumbua hivyo? Toa laptopu, toa pawabanki, fungua begi, hii waya ni ya nini? Nilianza kusoma nikidhani hiyo ni hadithi ya Wazungu. Nikakuta sehemu kubwa iko hapa kwetu.

Anza na Mei 24, 1978. Bruce McKenzie, aliyewahi kuwa waziri wa kilimo wa Kenya, alikuwa anarudi Nairobi kutoka Entebbe kwa ndege ndogo baada ya kumwona Idi Amin. Ndege ililipuka karibu na vilima vya Ngong, hakuna aliyepona. Inasimuliwa kwamba bomu lilifichwa ndani ya zawadi aliyopewa Uganda, kichwa cha simba. Kwa hivyo ukiulizwa "umepakia mzigo huu mwenyewe, kuna mtu amekupa kitu ubebe?" usijibu kama mtu anayesumbuliwa na karani.

Miaka 10 baadaye ikawa zamu ya vifaa vyetu. Desemba 21, 1988, ndege ya Pan Am ililipuka juu ya mji wa Lockerbie, Scotland, wakafa watu 270 ukihesabu na waliokuwa chini. Bomu lilikuwa ndani ya redio kaseti ya Toshiba, redio kama zile zilizokuwa sebuleni kwa wazee wetu. Tangu hapo kifaa cha umeme si kifaa tu machoni pa mkaguzi. Kwenye skrini yake anaona saketi, waya, na kitu kizito kisichopitisha mwanga, vyote vimelaliana. Kadi yako ya grafiki, ukiitupa kwenye begi juu ya chaja tatu, inaonekana hivyohivyo. Atafungua, na kusema kweli ningekuwa yeye ningefungua pia.

Halafu kuna hii ambayo wengi wetu tulikuwa tayari na simu mkononi ilipotokea, lakini sikumbuki mtu akiizungumzia. Februari 2, 2016, ndege ya Daallo iliruka kutoka Mogadishu kwenda Djibouti. Dakika chache angani, bomu lililokuwa ndani ya laptopu likatoboa ubavu wa ndege. Aliyekuwa nalo alivutwa nje na kufa. Yeye peke yake. Rubani akairudisha ndege Mogadishu ikiwa na tundu, abiria wengine wakashuka wakiwa hai. Ndege ilikuwa haijafika juu sana, ndiyo maana haikupasuka. Kamera za uwanja zilionyesha laptopu ile ikikabidhiwa na wafanyakazi wa eapoti, baada ya jamaa kupita ukaguzi. Al-Shabaab wakasema ni wao. Yaani Mogadishu hapa, jirani, si Lockerbie.

Machi 2017 Marekani ikatangaza kwamba kifaa chochote kikubwa kuliko simu kisiingie na abiria kwenye ndege za moja kwa moja kutoka viwanja 10, Dubai, Doha na Abu Dhabi vikiwemo. Wakati huo Kenya haikuwa na ndege ya moja kwa moja kwenda Marekani. Kenya Airways ilianza kwenda New York Oktoba 2018. Mkenya aliyebadilishia ndege Dubai ilibidi laptopu yake iende chini na masanduku. Kufikia Julai marufuku ilikuwa imeondolewa kwenye viwanja hivyo vitatu.

Nadhani marufuku ile ilikuwa kosa, na sababu yangu ni moto. Septemba 3, 2010, ndege ya mizigo ya UPS iliruka kutoka Dubai ikiwa na shehena yenye betri nyingi za lithiamu. Moto ukaanza kwenye mizigo, moshi ukajaa kwa marubani hadi wakashindwa kuona vyombo vyao. Walijaribu kurudi, wakaanguka, wakafa wote wawili. Betri ya lithiamu ikiharibika inajipasha moto yenyewe, na jirani yake inashika. Ikiwa juu na abiria, mhudumu ataiona na kuimwagia maji. Chini hakuna mtu.

Sisi wa huku hatuhitaji kuelezwa sana juu ya moto. Januari 31, 2009, lori la mafuta lilipinduka Sachangwan, juu kidogo tu ya hapa, watu wakaenda kuchota, na zaidi ya 100 wakafa. Hiyo ilikuwa barabarani, penye nafasi ya kukimbia.

Ndiyo maana pawabanki na betri za akiba hukaa nawe kabini, kamwe si kwenye sanduku la chini. Kipimo ni saa-wati 100 bila kuomba ruhusa; kutoka 100 hadi 160 unaomba shirika la ndege; zaidi ya hapo, acha nyumbani. Pawabanki ya mAh 20,000 ni kama 74, sawa. Ya 30,000 inafika 111, uliza kwanza.

Basi nikamjibu binamu kwa sauti ya dakika saba (pole yake). Kadi iingie kwenye ule mfuko wake wa kuzuia umeme tuli, kisha kwenye boksi lake, kwenye mzigo wa mkononi, iwekwe peke yake kwenye trei bila waya juu yake. Kama analeta mashine nzima, atoe kwanza kadi na ile feni nzito ya prosesa, kwa sababu zikitikiswa zinang'oa mazabodi. Diski mkononi. Bisibisi ndiyo iende chini.

Akanyamaza kidogo, halafu akaandika kwamba kuna jamaa wa kambini kwao amempa laptopu ikiwa imefungwa kwa selotepu, ampelekee ndugu yake Nairobi. Jamaa ni mtu mzuri, wanasali pamoja.

Nikamwambia airudishe, au waifungue na kuiwasha wakiwa wote wawili. Amesema anaona aibu, lakini ataongea naye Ijumaa.