Vitabu vya Masasi na Newala, na Hesabu ya Wasomaji

Askofu Edward Steere alipowaleta Masasi watu waliookolewa utumwani, mwaka 1876, alikuwa amekwisha kuzoea kazi ya kupiga chapa vitabu kule Unguja. Basi hapa kwetu kitabu na shule viliingia pamoja. Mwaka 1882 Wamagwangwara waliishambulia Masasi, na kazi ikahamia Newala kwa Matola. Tena mwaka 1905, wakati wa Maji Maji, misheni ya Masasi ilichomwa moto. Hivyo kabla ya Dayosisi kuundwa, mwaka 1926, kazi ilikuwa imekwisha kuvunjwa mara mbili.

Mwaka 1948 iliundwa idara ya vitabu ya Afrika ya Mashariki, makao yake Nairobi, na mojawapo ya kazi zake ilikuwa kupeleka masanduku ya vitabu mahali pasipo maktaba. Tanganyika ikatunga sheria ya maktaba mwaka 1963, na mwaka 1967 maktaba kuu ikafunguliwa Dar es Salaam.

Lakini wingi wa vitabu si wingi wa kusoma. Huko Pittsburgh, Marekani, taarifa ya mwaka 1979 ilionyesha ya kuwa katika kila vitabu vitano vilivyonunuliwa na chuo kikuu mwaka 1969, karibu viwili havikuazimwa hata mara moja kwa muda wa miaka sita.

Walimu, kazi ya kupima haitaki mashine. Kila kitabu kiazimwapo, pigeni tarehe katika karatasi iliyobandikwa ndani yake. Mwisho wa mwaka hesabuni kwa aina: ikiwa hadithi ni sehemu moja ya kumi ya rafu, nazo zimeazimwa nusu ya mara zote, ziongezwe. Visomwavyo mezani vihesabiwe jioni kabla ya kurudishwa rafuni. Tena andikeni mbali kila kitabu kilichoombwa kisipatikane, maana daftari la kuazima haliwezi kutaja kisichokuwamo.

Walakini hesabu isiwe hakimu peke yake. Kitabu cha habari za wazee wetu, hata kikiwa na msomaji mmoja kwa mwaka, kitunzwe. Kikipotea, huenda hakipatikani tena.

Zamani watu wa Newala walishuka bondeni kuteka maji, wakayapandisha mlimani kichwani. Hakuna aliyeyamwaga ovyo. Fedha ya vitabu nayo hupatikana kwa jasho. Ipimwe vivyo hivyo.