Mchezo wa Mtungi Uliovunjika

Der zerbrochne Krug, mchezo wa kuchekesha wa Heinrich von Kleist, wamhusu hakimu Adam, ambaye yampasa kuhukumu kosa alilolitenda mwenyewe: ndiye aliyeuvunja mtungi. Mwaka 1808 Goethe aliuonyesha mjini Weimar, akaugawa sehemu tatu, ijapokuwa ulitungwa uende mfululizo. Watazamaji walichoka, wakauzomea. Baadaye ukapata heshima kubwa katika Ujerumani.

Kleist aliiweka hadithi yake Uholanzi. John Banville, mwaka 1994, akaihamishia Ireland ya siku za njaa kuu. Blake Morrison akaitia katika lugha ya Yorkshire. Basi, mahali paweza kubadilika. Bali baraza lisikatizwe, kwani kicheko ni kumwona hakimu akijinasa neno kwa neno.