Mkono na Cheti

Julai 2011, katika mji mdogo wa Kutno nchini Poland, watoto kutoka Kampala waliishinda timu ya Dhahran, Saudi Arabia, na kuwa mabingwa wa Mashariki ya Kati na Afrika katika besiboli ya Little League. Hakuna timu ya Afrika iliyokuwa imewahi kufika hapo. Zawadi yao ilikuwa nafasi katika fainali za dunia, ambazo huchezwa kila Agosti karibu na Williamsport, Pennsylvania, Marekani.

Kwa kawaida, kocha aliyefuzu hukaa chini na daftari lake. Anajiuliza mtupaji gani aanze mechi ya kwanza na yupi amwekee akiba. Kocha wa Kampala hakufika kwenye hesabu hiyo, kwa sababu Marekani iliwanyima viza. Maofisa walisema nyaraka za baadhi ya watoto zilipishana kuhusu umri na tarehe za kuzaliwa. Dhahran, waliofungwa uwanjani, ndio waliopanda ndege.

Habari hii niliikuta nikitafuta kitu kingine kabisa. Nasoma shahada ya uzamili ya historia, na tasnifu yangu inahusu vibarua wa mkonge mkoani Morogoro. Kwetu ni Kingolwira, upande wa mashariki wa mji, mahali ambapo abiria wa basi la Dar es Salaam huanza kuiona vizuri milima ya Uluguru. Kwetu watu wanajua reli, gereza, mkonge na mpira wa miguu. Besiboli hakuna anayeicheza. Lakini kila nilivyozidi kuisoma habari ya Kutno, ndivyo nilivyozidi kuona inajibu swali la tasnifu yangu: nani huhesabiwa, kwa ajili gani, na nani anashika daftari?

Kwa asiyeujua mchezo huu, nitaueleza kwa rede. Wasichana waliokulia Kingolwira wanajua kwamba rede ni mchezo wa mikono. Wawili wanasimama pande mbili, wa katikati anakwepa mpira wa soksi huku akijaza mchanga kwenye chupa. Ukimpata mtupaji mzuri, mchezo umekwisha. Anajua kurusha chini magotini, anajua kudanganya kwa bega, anajua kusubiri mwenzake ainame. Besiboli ni hivyo hivyo, ila mtu wa katikati amepewa gongo na haruhusiwi kukimbia mpaka aupige mpira. Timu nzima inamtegemea mtupaji. Akiwa na siku njema, wenzake nyuma yake wanasimama tu. Mkono wake ukichoka, hakuna kocha atakayeiokoa mechi kwa maneno.

Na mkono wa mtoto huchoka vibaya. Mifupa yake bado inakua, na kurusha kwa nguvu mara mia kunavuta kiwiko na bega kwa namna isiyoonekana siku hiyo. Ndiyo maana mwaka 2007 Little League ilianza kuhesabu mitupo. Kwa mtoto wa miaka 11 au 12, mwisho ni mitupo 85 kwa siku. Akitupa 66 au zaidi, apumzike siku nne. Kati ya 51 na 65, siku tatu. Kati ya 36 na 50, siku mbili. Kati ya 21 na 35, siku moja. Akiishia 20, anaweza kurudi kesho yake. Aliyetupa 41 au zaidi haruhusiwi hata kuhamia nafasi ya mdakaji siku hiyo, kwa kuwa mdakaji naye hurudisha mpira kila mara.

Sheria hiyo ndiyo inayofanya siku za kuelekea fainali ziwe ngumu. Una mtupaji mmoja hodari na mechi tatu ndani ya juma moja. Ukimwacha afike mtupo wa 66 katika mechi ya kwanza, umempoteza kwa siku nne. Ukimtoa akiwa na 50, utamwona tena mapema, lakini huenda ukafungwa leo. Makocha husimama na kalamu pembeni mwa uwanja, mtoto amefika 47, mpigaji hatari anakuja, na inabidi waamue. Kwa hiyo unahitaji watupaji wanne au watano, hata kama wa nne si mzuri. Orodha ya wachezaji inaandikwa kwa kufikiria uchovu.

Japani walichelewa kuhesabu. Katika Koshien, mashindano ya shule za sekondari yanayofuatwa na nchi nzima, Daisuke Matsuzaka alitupa mitupo 250 katika mechi moja ya mwaka 1998. Mwaka 2013 kijana wa miaka 16, Tomohiro Anraku, alitupa 772 katika mechi tano. Walisifiwa kwa moyo wa kujitoa. Ni mwaka 2020 tu ndipo ulipoanza kutumika ukomo wa mitupo 500 kwa juma. Natamani walimu wa michezo wa kwetu wayajue haya, kwa kuwa besiboli iliingia shule za Tanzania kwa msaada wa Wajapani, na mashindano yake ya taifa yamechukua jina hilo hilo la Koshien.

Kuhesabu mitupo ni wema, na wema huo unahitaji kitu kimoja ambacho wenye sheria hawakiwazii sana: lazima ujue mtoto ana miaka mingapi. Ukomo hubadilika kwa umri. Bila tarehe ya kuzaliwa, hujui hata uanze kuhesabu kuelekea ngapi.

Wamarekani wenyewe walikuwa wameumwa na nyoka. Agosti 2001, mtupaji wa timu ya Bronx, Danny Almonte, mzaliwa wa Jamhuri ya Dominika, aliwazima wapigaji wote wa timu ya Florida bila hata mmoja kufika kituo cha kwanza. Baadaye ikagundulika alizaliwa mwaka 1987, wala si 1989 kama cheti kilivyodai. Alikuwa na miaka 14. Matokeo ya timu yake yakafutwa. Baada ya hapo, cheti cha mtoto wa nchi maskini kilisomwa kwa jicho jingine. Ni haki kusema kwamba udanganyifu upo. Mtoto wa miaka 14 akimtupia wa 12 mpira, anayeumia ni wa 12.

Lakini kupishana kwa nyaraka hakuthibitishi uongo, na hapa ndipo tasnifu yangu inapoingia.

Vibarua wa mkonge wa Morogoro, wakati wa Mwingereza, walifanya kazi kwa kipande. Kilikuwa kadi yenye nafasi za siku 30. Ukimaliza kazi ya siku, nafasi moja inatiwa alama. Usipoimaliza, siku yako haikuwapo, hata kama umeshinda juani. Mshahara ulikuja pale siku 30 zilipotimia, hata kama zilikuchukua miezi miwili. Mkata mkonge alihesabiwa majani, majani yakafungwa mafungu, mafungu yakahesabiwa tena. Ninaposoma kumbukumbu hizi nakutana na mikono iliyohesabiwa kwa umakini ambao kocha wa Little League angeuonea wivu. Tofauti ni kwamba hesabu ya mtoto huyu inasema ukifika hapa pumzika, na hesabu ya kibarua ilisema usipofika hapa huli.

Serikali ile ile haikujishughulisha sana na siku aliyozaliwa mwenye mkono. Sheria ya kuandikisha vizazi na vifo ilikuwapo tangu 1920, lakini kwa miaka mingi ya ukoloni usajili wa lazima haukuwagusa Waafrika walio wengi. Kodi ilihitaji mwanamume mzima, shamba lilihitaji mwenye nguvu, na vyote viwili vilipimwa kwa macho.

Watu walikuwa na kalenda yao. Bibi yangu, Mluguru wa upande wa Matombo, alizaliwa mwaka wa matuta. Ukimuuliza mwaka gani, anakujibu hivyo hivyo: wa matuta. Ni 1955, mwaka ambao serikali iliwalazimisha watu wa Uluguru kukata matuta ya ngazi milimani ili kuzuia mmomonyoko, wao wakakataa, na mwezi Julai ghasia zikazuka huko Matombo. Mpango ukaachwa. Jibu la bibi ni sahihi kuliko vyeti vingi. Lakini kwenye kitambulisho chake tarehe ni Januari mosi, kwa sababu fomu haikuwa na nafasi ya matuta. Kadi yake ya kliniki ina mwaka mwingine. Mpige kura, mpe pasipoti, mpeleke ubalozini: nyaraka zake zinapishana, na hakuna aliyesema uongo.

Hilo halikuishia kwa bibi. Utafiti wa afya ya jamii wa 2015–16 ulionyesha kuwa Tanzania Bara na Zanzibar kwa pamoja, watoto wa chini ya miaka mitano waliosajiliwa walikuwa asilimia 26, na wenye cheti mkononi asilimia 14. Uganda, katika utafiti wa 2011, mwaka ule ule wa Kutno, waliosajiliwa walikuwa kama asilimia 30. Maana yake, watoto wengi wa Afrika Mashariki hupata cheti siku wanapokihitaji: kuanza shule, kufanya mtihani, kusafiri. Mzazi anaenda na kiapo, anakumbuka mvua ilikuwa kubwa, karani anaandika. Shule tayari ina tarehe nyingine, kwa kuwa mwalimu aliikadiria. Ofisa wa viza akiziweka meza moja, anaona udanganyifu. Mimi naona ofisi tatu zilizofika kwa mtoto kwa nyakati tofauti.

Mpira wa miguu unatufundisha kwamba kisu hiki hukata pande zote. Mwaka 2005 Serengeti Boys walikuwa wamefuzu fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17 huko Gambia, wakaondolewa kwa kosa la umri wa mchezaji mmoja. Katika mechi za kufuzu fainali za 2017 Kongo Brazzaville walitutoa uwanjani, kisha wakaondolewa wao kwa sababu mchezaji wao hakufika kwenye kipimo cha umri, na vijana wetu wakaenda Gabon. Tulishangilia, nami nikiwamo. Kipimo chenyewe ni cha MRI, na kinachopigwa picha ni kifundo cha mkono, kuona kama mifupa imeshaungana. Karatasi zikishindwa kuaminika, wanauliza mkono. Hata hivyo mfupa nao hutoa makadirio tu. Vijana wawili wa siku moja wanaweza kukomaa kwa kasi tofauti.

Uganda hawakukata tamaa. Januari 2012, timu ya Langley kutoka Kanada, ambayo ingecheza nao mechi ya kwanza Marekani, ilisafiri mpaka Uganda ili mechi hiyo ichezwe. Wenyeji walishinda 2–1. Mwaka huo huo timu nyingine, ya Lugazi, ilishinda Kutno, na safari hii nyaraka zikapita. Walifungwa 9–3 na Panama, wakafungwa tena na Mexico, kisha wakaishinda timu ya Oregon 3–2. Ulikuwa ushindi wa kwanza wa Afrika katika fainali hizo. Mwaka 2015 Uganda walirudi na kuishinda Jamhuri ya Dominika, nchi inayolea watupaji kama sisi tunavyolea wakimbiaji.

Wale wa 2011 hawakurudi. Ukiwa na miaka 12, mwaka mmoja unakutoa kwenye mashindano moja kwa moja. Wanaweza kuwa walikuwa na umri sahihi wote, au wawili hawakuwa nao. Kilichoondolewa ni orodha nzima. Mtupaji wao hodari wa kiangazi kile, ambaye mkono wake ungelindwa kwa hesabu ya mitupo 85, hakutupa hata mmoja.

Tangu 2013 RITA imekuwa ikisajili watoto wa chini ya miaka mitano kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, kuanzia Mbeya na kuendelea mikoani, na cheti hutolewa papo hapo. Ni kazi isiyo na shangwe. Haiwezi kupigwa picha kama kombe. Lakini kwa maoni yangu ndiyo maandalizi ya mashindano yanayoanza mapema kuliko yote, miaka 12 kabla kocha hajafungua daftari. Wiki iliyopita nilipita zahanati ya kwetu Kingolwira kumsindikiza binamu yangu na mtoto wake wa miezi mitatu. Muuguzi aliuliza tarehe, binamu akaitaja, ikaandikwa mara moja tu, mahali pamoja. Mtoto alikuwa amekishika kidole cha muuguzi na hakutaka kukiachia.