Karatasi ya Saisi

Mwaka jana nilimsaidia babu yangu kujaza fomu. Ilikuwa fomu ya kawaida tu, kurasa mbili, zile za kuuliza jina, mwaka wa kuzaliwa, kazi uliyofanya na kiwango chako cha elimu. Tulipofika pale pa kazi akasema, "Andika saisi." Nikaandika. Karani akaisoma, akaniangalia mimi badala ya mzee, akauliza, "Saisi ni nini?" Nikamwambia ni mtu wa kutunza farasi. "Ako na cheti?" Hana. Basi akapiga mstari juu ya neno langu na kuandika pembeni: kibarua.

Babu hakusema kitu. Ni baada ya kutoka nje ndipo aliponiambia kwamba hilo neno anajuana nalo. Lilikuwa kwenye barua aliyopewa na mwenye farasi siku aliyoachishwa kazi, baada ya miaka 31. Bado anayo hiyo barua. Ndiyo karatasi pekee iliyowahi kuandikwa kuhusu kazi yake, na inasema alikuwa kibarua mwaminifu.

Iliniuma, na si kwa ajili yake peke yake. Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu karo iliponishinda, na tangu hapo nakula kwa kuandika: leo tangazo la sabuni, kesho wasifu wa mtu, siku njema makala kama haya. Kila nikituma maombi ya kazi naulizwa swali la yule karani. Kwa hivyo nikaanza kusoma historia ya masaisi, na nakiri nilianza kwa hasira. Nilitaka kujua ni nani aliyeamua kwamba hii kazi haina ujuzi.

Neno lenyewe ni la zamani. Lilitoka Kiarabu, likakaa India, Waingereza wakalizoea huko, na lilipofika Nairobi lilikuwa limeshavaa sare ya kikoloni. Kama umewahi kushuka matatu Race Course Road ukajiuliza hao farasi wako wapi, basi jua walikuwa upande huo wa mji, Kariokor na Eastleigh, hadi mbio zilipohamishiwa Ngong Road mwaka 1954. Farasi wakaenda, jina likabaki na makondakta.

Babu aliajiriwa huko Ngong Road akiwa kijana. Alitoka Kawangware kwa miguu gizani, maana farasi wa mbio hufanya mazoezi mapema, kabla jua halijakaza. Kitu cha kwanza, anasema, ni hori. Unaangalia kama amemaliza chakula cha usiku. Farasi aliyebakisha chakula anakwambia kitu. Halafu miguu. Unapitisha mkono polepole nyuma ya mguu wa mbele, kutoka gotini kwenda chini, ukitafuta joto. Ule mshipa mnene ulio nyuma ya mfupa ukianza kuumia, hupata moto kabla farasi hajaanza kuchechemea. Ukiugundua asubuhi hiyo, anapumzishwa. Usipougundua akakimbia hivyo hivyo, huenda mbio zake zimeishia hapo. Farasi anayegeuka kila mara kujitazama ubavuni, akiparapara chini kwa kwato, ana msokoto wa tumbo, na msokoto wa tumbo unaweza kumuua kabla ya jioni. Hakuna kipimo katika haya yote. Ni kiganja cha mkono na kumjua yule farasi kama unavyomjua ndugu yako.

Alifundishwa na nani? Na saisi mzee aliyemkuta pale, ambaye alimpiga kofi mara mbili na kumwonyesha mara moja. Basi. Huo ndio ulikuwa mtaala.

Nilidhani umaskini huo wa karatasi ni wetu sisi, kitu tulichofanyiwa na mkoloni. Nikasoma kuhusu Newmarket, mji mdogo wa mashariki mwa Uingereza ambao umeishi kwa farasi wa mbio tangu enzi za wafalme wao wa karne ya 17, nikakuta babu zangu wengine huko, weupe.

Mfumo wa huko ulikuwa hivi. Mvulana mdogo wa umbo, wa miaka 14 au 15, anatiwa saini kwa mkufunzi wa farasi na kufungwa kwa miaka kadhaa. Analala pale pale kazini, anakula pale pale, anapewa pesa kidogo za mfukoni na farasi wa kuwatunza, kwa kawaida wawili. Ahadi ni kwamba siku moja atakuwa joki, yule anayempanda farasi siku ya mbio. Akipata bahati hiyo, mkufunzi anachukua nusu ya malipo yake. Wachache wakawa majoki kweli. Waliobaki waliongezeka uzito, miaka yao ikaisha, wakabaki na ufagio na ndoo. Na jina waliloitwa kwa Kiingereza ni kijana. Kijana wa banda. Hata akiwa na miaka 60 na wajukuu, ni kijana. Sisi tulioambiwa hadithi za wazee wetu kuitwa boi jikoni mwa Mzungu tunaijua hiyo lugha. Sikujua tu kwamba walianza kuitumia kwao nyumbani.

Kuna kisa kimoja katika historia hiyo ambacho nimekisimulia kwa kila rafiki yangu. Klabu ya Jockey, iliyotawala mbio za Uingereza tangu karne ya 18, haikuwapa wanawake leseni ya kufunza farasi. Haikuwa na sababu ya maana. Lakini wanawake walifunza, na walishinda. Mwaka 1956 Helen Johnson Houghton alimfunza farasi Gilles de Retz akashinda 2,000 Guineas, moja ya mbio kubwa kabisa za nchi ile. Kwenye rekodi, mkufunzi aliyeandikwa alikuwa mwanamume. Florence Nagle naye alikuwa na farasi wake, na mwenye leseni rasmi alikuwa mkuu wake wa masaisi. Ndiyo, saisi! Mtu aliyeajiriwa na Nagle, anayelipwa na Nagle, ndiye aliyekuwa mkufunzi machoni pa klabu.

Nagle akaenda kortini. Mwaka 1966, akiwa ameshapita miaka 70, Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba kesi yake inastahili kusikilizwa, na klabu ikasalimu amri ikampa leseni.

Kisa hiki husimuliwa kama ushindi wa wanawake, na ni haki. Lakini mimi macho yangu yalibaki kwa yule saisi. Miaka yote ile alikuwa na karatasi ya juu kabisa katika kazi yake, na karatasi hiyo haikusema lolote kuhusu mikono yake. Hakupewa kwa sababu anajua mguu wenye joto. Alipewa kwa sababu ni mwanamume. Mama aliyejua kufunza hakuwa na karatasi, saisi aliyekuwa na karatasi hakuwa mkufunzi, na waheshimiwa wa klabu, waliojua vizuri nani anafanya nini, walikaa kwenye viti vyao kana kwamba mambo yako sawa. Tangu nisome hayo, swali la karani halinitii hofu kama zamani.

Miaka tisa baadaye masaisi wenyewe waligoma. Walitaka nyongeza ya pauni 4.70 kwa wiki. Fikiria thamani ya farasi mmoja wa Newmarket, halafu usome tena hiyo hesabu. Wakufunzi walikataa, baadhi ya masaisi wakafutwa, na Mei 1975, siku ya mbio za 1,000 Guineas, wagomaji wakaziba njia uwanjani. Joki Willie Carson, mmoja wa wakubwa wa wakati ule, alivutwa akaanguka kutoka juu ya farasi. Watazamaji, watu wa suti na kofia, wakaruka uzio wakapigana na masaisi ngumi kwa ngumi. Mgomo ukaenda karibu miezi mitatu. Nyongeza ilipatikana, lakini wengi waliogoma hawakurudi kazini. Mwaka huo huo kikaundwa chama cha masaisi, na suala la mshahara wa chini likaanza kuzungumzwa mezani.

Shule zilikuja baadaye. Mwaka 1983 ilifunguliwa shule ya mbio Newmarket, na muda mfupi baadaye nyingine kaskazini, Doncaster. Sitasema mgomo ndio uliozijenga. Ingekuwa hadithi tamu, lakini historia haiendi hivyo. Kulikuwa na sababu nyingine za kuchosha zaidi. Tangu 1972 mtoto wa Uingereza alilazimika kukaa shuleni hadi miaka 16, kwa hivyo yule mvulana wa 15 hakupatikana tena. Watoto nao walikuwa wanalishwa vizuri na kurefuka. Wasichana waliingia mabandani kwa wingi, na ahadi ya zamani haikuwahi kuandikwa kwa ajili yao. Mfumo wa kumfunga mtoto kwa mkufunzi ukafa wenyewe, na farasi bado walihitaji kulishwa asubuhi.

Shuleni kijana anakaa wiki kadhaa. Anajifunza kupanda, kwanza juu ya farasi wa mashine asiyeweza kumvunja shingo, kusafisha banda, kulisha, kufunga bendeji, kuangalia miguu. Akimaliza anapelekwa kazini na kuendelea na mafunzo akiwa analipwa. Akitaka kuwa joki, anarudi kusoma kabla ya kupewa leseni. Baada ya miaka anaweza kurudi tena kusomea ukuu wa masaisi. Kile ambacho babu alipewa kwa makofi mawili kina masomo, kina mwalimu, na mwishoni kina karatasi yenye jina lako.

Nilimweleza babu haya yote jioni moja. Nilidhani atacheka, au atasema kile wazee husema, kwamba watoto wa siku hizi wanataka kila kitu darasani. Akanyamaza kwanza. Kisha akauliza, "Na huyo wa mashine, wanamtumia siku ngapi?" Nikamwambia sijui. Akasema angependa kumwona. Akasema kuna kijana mmoja alianguka siku yake ya pili kazini, miaka ya sabini, mguu haukupona sawasawa, na hakukuwa na mtu wa kulaumiwa kwa sababu hakukuwa na mtu aliyekuwa na kazi ya kumfundisha. "Wangekuwa na huyo wa mashine," akasema.

Hapo hasira yangu ilipoteza njia. Nilikuwa nimekuja kutetea mikono dhidi ya karatasi, na mwenye mikono alikuwa anaitaka shule. Si cheti cha kutundika ukutani. Alitaka mtu wa kusema polepole, mara ya pili na ya tatu, bila kofi. Nilimuuliza kama kuna mtu yeyote, katika miaka 31, aliyewahi kumpa mtihani. Fundi wa mabomba hapa Kenya anaweza kufanyiwa mtihani wa ufundi na NITA akapata gredi yake hata kama alijifunzia kwa mjomba. Babu akanijibu kwamba mtihani ulikuwa kila asubuhi, ila hakukuwa na mtu wa kuandika alama.

Sijui nitafanya nini na mwaka wangu wa nne. Deni la karo bado lipo. Lakini fomu ile tuliirudia. Tulienda siku nyingine, dirisha lingine, na pale pa kazi nikaandika saisi kwa herufi kubwa, na pale pa mafunzo nikaandika miaka 31 na jina la yule saisi mzee aliyemfundisha, maana babu alisisitiza. Huyo karani wa pili aligonga muhuri bila kusoma.

Tukirudi nyumbani tulikuta mkokoteni wa maji umesimama katikati ya njia, punda amegoma, na kijana mwenye punda anamchapa. "Mwache kwanza," babu akamwambia. Akainama, mgongo ukamlia, akapitisha mkono nyuma ya mguu wa mbele kutoka gotini kwenda chini, akasimama katikati ya safari na kurudi nyuma kidogo. Akamwita yule kijana, akamshika mkono, akauweka pale.

"Unasikia?"

"Ni moto, guka."

"Sasa shika ule mwingine, ulinganishe."

Mimi nilikuwa nimeshika kichwa cha punda ili atulie. Babu akaniangalia, akatikisa kichwa, akaniambia nihamie upande wa kushoto.