Tumbaku, Sheria na Uhuru wa Mtu

Katika midahalo ya wanafunzi wetu, mada ya marufuku ya kuvuta sigara hadharani haikosi kurudi mwaka hata mwaka. Upande mmoja hudai kwamba mtu mzima ana haki ya kufanya atakalo na mapafu yake mwenyewe. Upande wa pili hujibu kwamba moshi haujui mpaka kati ya mtu na jirani yake. Aghalabu mdahalo huo huishia katika kelele, kwa kuwa wasemaji hawaijui historia ya jambo wanalolijadili. Katika makala haya tutaieleza historia hiyo kwa ufupi. Tutaanzia hapa petu Nkungu, wilayani Rusizi, kisha tutakwenda ng'ambo, na mwisho tutarudi kwa majirani zetu wa Afrika ya Mashariki na nyumbani Rwanda. Tunataka mwalimu apate hoja za kuwapa wanafunzi wake, na wanafunzi watambue maswali mawili yaliyo mazito kuliko yale wanayozoea kuyapigia kelele: mpaka wa katazo uwekwe wapi, na ni nani aulinde?

Tumbaku katika nchi ya Kinyaga

Tumbaku si mmea wa asili ya Afrika. Ilitoka Amerika baada ya safari za Columbus zilizoanza mwaka 1492, na katika karne ya 16 na ya 17 Wareno wakaieneza katika pwani za bara letu. Kutoka pwani ilipenya bara kwa mikono ya wachuuzi, kijiji hata kijiji, hata ikafika katika milima ya Maziwa Makuu muda mrefu kabla ya Mzungu wa kwanza. Mjerumani von Götzen alipoivuka Rwanda mwaka 1894, tumbaku ilikuwa imekwisha kuwa mali ya nyumbani. Nchi ya Bugoyi, kaskazini ya Ziwa Kivu, ilisifika kwa tumbaku yake, nayo ilikuwa miongoni mwa bidhaa za biashara ya kandokando ya ziwa. Kinyaga, jina la kale la nchi iliyokuja kuitwa Cyangugu, ilikuwa upande wa kusini wa ziwa hilohilo. Wilaya ya Rusizi, yenye tarafa kumi na nane na Nkungu ikiwa mojawapo, imo katika nchi hiyo ya kale.

Kiko cha kienyeji huitwa kwa Kinyarwanda inkono y'itabi, yaani chungu cha tumbaku. Kilikuwa kifaa cha watu wazima, wanaume kwa wanawake, na bibi kizee mwenye kiko chake mkononi ni picha inayojulikana katika milima yetu. Kumkaribisha mgeni kwa tumbaku ilikuwa adabu. Hatuna budi kulikumbuka jambo hili, maana wako wasemao kwamba uvutaji ni tabia ya kigeni iliyoletwa na sigara za viwandani. Sigara ya karatasi ni ngeni, lakini kiko kina vizazi vingi hapa kwetu.

Mwalimu wa lugha ataongeza neno moja. Mnyarwanda husema kunywa itabi, na ndiyo maana wanafunzi wetu huandika "kunywa sigara" katika insha zao, nasi huwasahihisha kwa wino mwekundu. Kiswahili husema kuvuta. Tofauti hii yaweza kutufaa katika hoja iliyo mbele yetu. Anywaye maji huyamaliza tumboni mwake, wala jirani hapati hata tone. Lakini avutaye huvuta kisha hutoa, na akitoacho hubaki hewani kikimngoja mwingine. Ugomvi wote tutakaousimulia umo katika swali hili: je, tumbaku hunywewa, au huvutwa?

Katazo la dhamiri

Kabla ya serikali kutunga sheria yoyote, dini zilikwisha kukataza. Waadventista, walioanza kazi yao nchini baada ya Vita Kuu ya Kwanza, waliwafundisha waumini wao kuacha tumbaku na pombe. Mwaka 1940 wamisionari wa Kipentekoste kutoka Sweden walifungua misheni yao Gihundwe, karibu na Kamembe, nao pia wakafundisha kwamba aliyeokoka huvunja kiko chake. Kutoka Gihundwe mafundisho hayo yakaenea katika vilima vya Rusizi na baadaye nchi nzima. Kwa upande wa Waislamu, wanazuoni wamebishana juu ya tumbaku tangu karne ya 17, wengine wakiiharamisha, wengine wakisema ni makuruhu, na wengine wakiihalalisha.

Katazo la namna hii lilikuwa na nguvu yake na udhaifu wake. Lilimfunga yule tu aliyejiunga kwa hiari, na mlinzi wake alikuwa dhamiri ya mtu pamoja na macho ya waumini wenzake. Jirani asiyekuwa wa dini hiyo aliendelea kuvuta, wala hakuna aliyekuwa na haki ya kumkamata.

Katazo la upanga

Watawala wa zamani walijaribu njia nyingine. Mwaka 1604 Mfalme James wa Kwanza wa Uingereza aliandika kijitabu cha kuilaani tumbaku, akapandisha mno ushuru wake. Waingereza waliendelea kuvuta, na hazina ya mfalme ikaendelea kupokea ushuru. Sultani Murad wa Nne wa dola ya Uthmaniya alikwenda mbali zaidi. Mwaka 1633, baada ya moto mkubwa kuteketeza sehemu ya mji wa Istanbul, alipiga marufuku tumbaku na kubomoa migahawa ya kahawa, na waliokamatwa wakivuta waliuawa. Mwandishi Katib Çelebi, aliyeishi zama hizo, ameeleza katika kitabu chake cha mwaka 1656 kwamba hata askari walioshuhudia wenzao wakiuawa walificha viko vifupi ndani ya nguo zao, wakavuta walipopata nafasi. Katikati ya karne hiyo katazo hilo likaondolewa.

Kwa nini upanga ulishindwa? Twaona sababu mbili. Kwanza, sultani hakuwa akililinda pafu la mtu yeyote. Aliogopa moto, na aliogopa zaidi mikusanyiko ya watu waliokaa migahawani wakiisema serikali. Raia walilijua hilo. Pili, adhabu ilizidi kosa kwa kiasi ambacho kila mwenye huruma alimficha mkosaji. Sheria isiyokuwa na mlinzi ila mwuaji hulindwa pale tu mwuaji alipo.

Elimu yabadilisha swali

Mwaka 1859 mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill alitoa kitabu juu ya uhuru, ambamo alieleza kwamba jamii haina haki ya kumlazimisha mtu mzima kwa faida yake mwenyewe, ila yaweza kumzuia asiwadhuru wengine. Kwa muda mrefu wavutaji waliikimbilia kanuni hii kama ngao. Hata baada ya uchunguzi wa Doll na Hill uliochapishwa Uingereza mwaka 1950 kuonyesha uhusiano wa sigara na saratani ya mapafu, na hata baada ya ripoti ya Mganga Mkuu wa Serikali ya Marekani ya mwaka 1964, bado mvutaji aliweza kusema: ugonjwa ni wangu, na kifo ni changu.

Mwaka 1981 ngao hiyo ilipata ufa. Daktari Takeshi Hirayama wa Japani alichapisha matokeo ya kuwafuatia kwa miaka mingi wanawake wasiovuta walioolewa na wanaume wavutaji. Alikuta kwamba wanawake hao walikufa kwa saratani ya mapafu zaidi kuliko wake wa wanaume wasiovuta. Makampuni ya tumbaku yalimpinga kwa nguvu, lakini uchunguzi mwingine ulimwunga mkono. Tangu hapo kanuni ya Mill haikumkinga mvutaji tena, bali iligeuka kuwa hoja ya yule aliyeketi kando yake. Mithali yetu yasema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mvutaji aliona kikohozi cha mwenzake kuwa chepesi kama usufi, na sayansi ikaupima mzigo huo kwa mizani.

Mwaka 2003 Shirika la Afya Duniani lilipitisha Mkataba wa Kudhibiti Tumbaku, ulioanza kutumika mwaka 2005. Kifungu chake cha 8 kinazitaka nchi ziwalinde watu dhidi ya moshi katika sehemu za kazi, vyombo vya usafiri na mahali pa hadhara. Ireland ilikuwa nchi ya kwanza kukataza uvutaji katika sehemu zote za kazi zilizo ndani ya majengo, vilabu vya pombe vikiwemo, tarehe 29 Machi 2004.

Majirani zetu mahakamani na bungeni

Wengi hudhani kwamba Afrika ya Mashariki iliiga tu Ulaya. Historia haikubaliani nao. Tarehe 12 Desemba 2002, zaidi ya mwaka mmoja kabla ya Ireland, Mahakama Kuu ya Uganda ilitoa hukumu katika kesi iliyofunguliwa na chama cha wanamazingira kiitwacho TEAN dhidi ya Mwanasheria Mkuu na mamlaka ya mazingira, NEMA. Jaji Kiongozi Ntabgoba aliamua kwamba uvutaji katika mahali pa hadhara unavunja haki ya asiyevuta ya kuishi na ya kupata mazingira safi, haki zilizomo katika Katiba ya mwaka 1995. Kanuni za kutekeleza hukumu hiyo zilitoka mwaka 2004, na mwaka 2015 Bunge likatunga sheria kamili. Kampuni ya tumbaku iliipinga sheria hiyo, na mwaka 2019 Mahakama ya Katiba ikaitupilia mbali kesi yake.

Nchini Tanzania sheria ya bidhaa za tumbaku ilipitishwa mwaka 2003, ingawa nchi hiyo ina maelfu ya wakulima wa tumbaku katika Tabora na mikoa mingine. Kenya ilipita njia ya mabonde. Mwaka 2006 Waziri wa Afya, Charity Ngilu, alitangaza kanuni za kukataza uvutaji hadharani, makampuni yakaenda mahakamani, na kanuni zikasimamishwa. Bunge likatunga sheria mwaka 2007, nayo ikaanza kutumika Julai 2008. Adhabu ya kuvuta mahali palipokatazwa iliwekwa kuwa faini isiyozidi shilingi 50,000, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Mjini Nairobi yakatengwa maeneo maalumu ya kuvutia, na wapita njia wakazoea kuwaona wavutaji wamesongamana humo. Likasikika pia lalamiko la mara kwa mara kwamba baadhi ya askari wa jiji waliipenda sheria hii kwa ajili ya mifuko yao.

Rwanda iliridhia Mkataba mwaka 2005. Sheria yake ya kudhibiti tumbaku ni ya tarehe 1 Machi 2013. Ilikataza kuvuta katika mahali pa hadhara, ikakataza matangazo ya tumbaku na kuwauzia watoto. Desemba 2017 Wizara ya Afya ikapiga marufuku shisha nchini kote. Mwezi huohuo Kenya nayo ikaikataza.

Mpaka uwekwe wapi, na nani aulinde

Wasomaji wetu watakuwa wameona kwamba hatua hizi mbili za Rwanda hazifanani. Ile ya mwaka 2013 yamwambia mvutaji: usivute hapa. Ile ya mwaka 2017 yamwambia: usivute kabisa. Ya kwanza inasimama juu ya haki ya jirani. Ya pili inahitaji sababu nyingine, kama vile kuwakinga vijana na uraibu wasioujua bado. Huenda sababu hiyo ni njema, lakini si ileile, na mwanafunzi wa mdahalo afundishwe kuzitenganisha. Serikali inayomkinga mtu dhidi ya mwenzake inafanya kazi ya hakimu. Inayomkinga mtu dhidi ya nafsi yake inafanya kazi ya mzazi, na mzazi hana budi kueleza zaidi anapomwamrisha mtu mzima.

Juu ya utekelezaji, twashikilia kwamba sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Hoteli kubwa yenye baraza na bustani yaweza kumtengea mvutaji mahali pake bila taabu. Kilabu cha pombe ya ndizi kilimani kina chumba kimoja na mlango mmoja. Ikiwa mkaguzi ataingia kilabuni kila juma na kuipita hoteli kwa salamu, wananchi watajifunza kwamba sheria imetungwa kwa ajili ya maskini, na watawaficha wavutaji kama walivyofichwa zama za Murad. Aidha, polisi hawezi kukaa katika kila basi. Mlinzi wa kwanza ni mwenye mahali: dereva, mwenye duka, mwalimu mkuu. Mlinzi wa pili ni abiria asemaye kwa adabu, "Samahani mzee wangu, moshi unatuumiza." Neno hilo likisemwa bila matusi huzima sigara nyingi kuliko faini.

Na bibi yetu mwenye kiko? Akiwa peke yake uani kwake, hatuoni kwamba sheria ya mahali pa hadhara ina neno naye. Mjukuu wake anaposinzia mapajani mwake, hapo dhamiri yake, ileile iliyohubiriwa Gihundwe, ina neno. Hakuna askari atakayemfikia hapo, wala hatungependa amfikie. Atakayemfikia ni mjukuu mwingine, yule aliyerudi kutoka shule na kumweleza kwa heshima aliyojifunza darasani. Kazi hiyo imo mikononi mwetu walimu, nasi yatupasa tuifanye.