Thamani ya Gari la Sadaka

Kila Desemba inapoyoyoma, magari yaliyotumika hukimbizana na kalenda katika pande mbili za dunia. Bandarini Mombasa, waagizaji hupigania kuyatoa yale ambayo umri wake unakaribia kupita. Kanuni ya KS 1515 ya mwaka 2000 hairuhusu gari la mtumba lililozidi miaka minane, na hesabu hufungwa mwaka unapogeuka. Gari lililosajiliwa mara ya kwanza mwaka 2017 lilikubaliwa nchini hadi Desemba 31, 2024. Kulipokucha likawa haliingii tena.

Marekani nako tarehe ni hiyo hiyo. Mwenye gari kuukuu ambaye analichungulia uani na hajui la kulifanyia ana hadi usiku huo kulikabidhi kwa shirika la misaada, ikiwa anataka thamani yake iondolewe katika mapato atakayotozwa kodi kwa mwaka unaokwisha. Matangazo ya kumkumbusha huwa mengi redioni. Lori la kukokota huja mlangoni bila malipo, hati ya umiliki hutiwa sahihi, na gari limekwenda.

Wakenya waliohamia Minnesota, Texas na Massachusetts wanayasikia matangazo hayo kama majirani zao. Miongoni mwao kuna aliyezaliwa Kisegi, huko Gwassi, Suba Kusini, mahali ambapo hospitali ipo lakini mgonjwa anayehitaji rufaa ya kwenda Homa Bay bado ana safari ndefu ya milima na vumbi, au ya mashua ziwa likiwa tulivu. Mtu huyo akisikia gari lake la zamani linaweza kuwa sadaka, swali la kwanza linalomjia ni la haki kabisa: kwa nini lisije nyumbani likabebe wagonjwa? Jibu limejengwa kwa sheria za zaidi ya miaka 400, na tuanze zilikoanzia.

Mwaka 1601, zama za Malkia Elizabeth wa Kwanza, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kulinda mali zilizowekwa wakfu. Utangulizi wake ulitaja mambo yaliyostahili kuitwa hisani: kuwatunza wazee na maskini, kusaidia wanajeshi waliojeruhiwa, shule, mayatima, hata ukarabati wa madaraja na barabara. Kodi ya mapato ilipoanzishwa Uingereza mwaka 1799, mashirika ya hisani yalisamehewa tangu mwanzo. Ubishi ulikuja baadaye, kuhusu nani hasa anastahili msamaha huo, na ulimalizwa mwaka 1891 katika kesi ya Pemsel. Pemsel alikuwa mweka hazina wa Kanisa la Moravian, lililotumia mapato ya shamba la wakfu kupeleka wamishonari ng'ambo. Watoza kodi walidai hisani ni kusaidia maskini tu. Majaji wa juu walikataa, na Lord Macnaghten akaigawa hisani katika mafungu manne: kuondoa umaskini, elimu, dini, na mambo mengine yenye faida kwa jamii. Hukumu hiyo ilivuka bahari pamoja na wakoloni, na ukiisoma Sheria ya Kodi ya Mapato ya Kenya leo, mahali inapozungumzia mashirika yasiyotozwa kodi, utakutana na umaskini, dini na elimu palepale alipoviweka Macnaghten.

Huo ulikuwa msamaha kwa anayepokea. Nafuu kwa anayetoa ilisubiri vita. Marekani ilipoingia Vita Kuu ya Kwanza mwaka 1917, kodi ya matajiri wakubwa ilipandishwa hadi asilimia 67, na Seneta Henry Hollis wa New Hampshire akaonya kwamba vyuo na hospitali vitakufa njaa kwa sababu waliozoea kuvifadhili watabaki mikono mitupu. Bunge likakubali kilichotolewa kwa hisani kiondolewe katika mapato yanayotozwa kodi, mradi kisizidi asilimia 15 ya mapato hayo. Kifungu hicho kimerekebishwa mara nyingi, lakini hakijafutwa.

Gari liliingia katika hesabu hiyo kwa sababu sheria ilikubali mali, si fedha tu. Na hapo ndipo palipoharibika mambo. Mtoaji aliruhusiwa kujikadiria mwenyewe thamani ya gari lake, na wengi walifungua kitabu cha bei, wakatazama bei ya gari zima la aina hiyo, wakaandika hiyo. Gari lenyewe huenda halikuwa likiwaka.

Ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilichunguza jambo hili, ikatoa ripoti Novemba 2003. Ilikadiria kwamba kwa mwaka wa kodi wa 2000, walipa kodi 733,000 walidai punguzo kwa magari waliyoyathamini kwa dola bilioni 2.5, na hazina ikakosa kodi ya dola milioni 654. Wakaguzi wakafuatilia magari 54, moja baada ya jingine, kuanzia kwa mtoaji hadi kwa shirika. Katika theluthi mbili ya magari hayo, shirika lilipata asilimia 5 au chini yake ya thamani aliyodai mtoaji. Kuna moja ambalo kila anayewaza kutoa gari afadhali alijue. Lilikuwa lori la mwaka 1983. Mnadani liliuzwa dola 375. Wakala wa kuchangisha akachukua chake, gharama za matangazo zikatolewa, shirika likabaki na dola 31 na senti 50. Mwenye lori alikuwa ameandika dola 2,400 katika fomu yake ya kodi.

Sheria iliyopitishwa mwaka 2004, ikaanza kutumika Januari 1, 2005, ilibadilisha kipimo. Gari linalodaiwa kuwa na thamani ya zaidi ya dola 500, shirika likiliuza, mtoaji anapata punguzo la kile tu kilichopatikana mnadani, na shirika humpa hati inayoonyesha bei hiyo. Thamani ya soko inabaki halali pale tu shirika linapolitumia gari lenyewe kwa kazi yake, linapolitengeneza kwa kiasi kikubwa, au linapompa maskini anayehitaji usafiri. Kwa maneno mengine, gari linalopeleka chakula kwa wazee lina hesabu yake, na la kupigwa mnada lina yake. Naiona hii kuwa sheria ya haki, kwa sababu ilihamisha kipimo kutoka kwa anayetoa hadi kwa kilichofika.

Hata hivyo wengi hudhani serikali inawarudishia bei ya gari. Gari likiuzwa dola 800, na mwenyewe yuko katika daraja la kodi la asilimia 22, kodi yake haipungui kwa zaidi ya dola 176. Isitoshe, ni lazima awe anaorodhesha matumizi yake badala ya kuchukua punguzo la jumla, na tangu mageuzi ya mwaka 2017 yalipokaribia kulizidisha punguzo hilo la jumla maradufu, ni wachache wanaoorodhesha. Kuanzia mwaka 2026 wasioorodhesha nao wameruhusiwa kudai michango hadi dola 1,000 kwa mtu mmoja, lakini iwe ya fedha. Magari hayamo.

Wanaotoka kwenye utamaduni wa harambee hawakuhitaji wakaguzi wa Bunge kuwafundisha kwamba thamani ya sadaka ni kile kilichofika. Tangu Jomo Kenyatta alipoifanya harambee kuwa mwito wa taifa mwaka 1963, shule na zahanati nyingi za Nyanza Kusini zimeinuka kwa michango, na asiye na shilingi alileta alichonacho. Jogoo amefungwa miguu kwa kamba ya mkonge, amewekwa mbele ya meza ya wageni. Mfawidhi anamwinua juu watu wamwone, anaanzia shilingi mia tano, na zabuni zinapanda kwa vicheko na vigelegele. Mshindi analipa, halafu anamrudisha jogoo mezani auzwe tena. Akiuzwa mara tatu, ameleta fedha mara tatu, na kila shilingi imesomwa kwa sauti mbele ya mama aliyemleta. Hakuna anayeandika thamani ya jogoo kwa kukisia. Bei ni ile iliyoingia kwenye bahasha.

Ila harambee hiyo haikumpunguzia mtu kodi. Kenya ilianza kutoza kodi ya mapato mwaka 1937, na kwa miaka 70 mwenye mshahara aliyechangia ujenzi wa wodi alichangia kutoka katika kile kilichosalia baada ya kukatwa. Mlango ulifunguliwa Januari 1, 2007, na waliouandika walikuwa waangalifu: ulikuwa wa fedha taslimu. Shirika linalopokea lilitakiwa liwe limesajiliwa na mapato yake yamesamehewa kodi, au mradi uwe umeidhinishwa na waziri wa fedha. Mtoaji alihitaji stakabadhi na nakala ya cheti cha msamaha. Mtu anayetozwa asilimia 30 akitoa shilingi 100,000 kwa utaratibu huo, kodi yake inapungua shilingi 30,000. Kwa hiyo mwenye pikapu Sori au Mbita anayetaka kutoa sadaka na pia kupata nafuu, njia isiyo na maswali ni kuuza pikapu, kutoa fedha kabla ya Desemba 31, na kuweka stakabadhi hadi atakapowasilisha ritani kwa mamlaka ya kodi, KRA, si baada ya Juni 30.

Nasikitika kwamba watu wengi wanaochanga kwa moyo hawajui hata kama nafuu hii ipo. Mchango wa mazishi au wa karo ya mtoto wa jirani haumo, kwa sababu hauendi kwa shirika lililosamehewa. Lakini mchango kwa hospitali ya misheni yenye cheti unaweza kuwemo, na mara nyingi hakuna anayeuliza cheti.

Sasa turudi kwa mwana wa Kisegi aliye Marekani. Gari lake lina usukani wa kushoto, na Kenya haisajili magari ya aina hiyo kwa matumizi ya kawaida. Likiwa limezidi miaka minane, limefungiwa mlango wa pili pia. Na hata lingefika, sheria ya Marekani haitoi nafuu kwa zawadi inayopelekwa moja kwa moja kwa hospitali ya nchi nyingine. Ni lazima ipitie shirika lililosajiliwa Marekani. Njia inayobaki ni gari kuuzwa huko na fedha ndizo zivuke. Mashirika ya namna hiyo yapo hata ufuoni kwetu. Lalmba, lililoanzishwa mwaka 1963 na Hugh na Marty Downey kwa kazi yao ya Eritrea, na ambalo makao yake ni Colorado, limekuwa na zahanati Matoso, huko Nyatike, Migori, tangu miaka ya 1980. Dola inayotolewa Colorado inapata nafuu ya kodi kule, na inanunua dawa Nyatike.

Kuna tundu moja katika ukuta wa usukani wa kushoto: magari ya kazi maalumu, yakiwemo ambulansi na ya zimamoto. Ambulansi iliyostaafu ng'ambo inaweza kusajiliwa Kenya, na ndiyo maana zawadi za aina hiyo huonekana zikikabidhiwa kwa utepe na hotuba. Nazipenda zawadi hizo, nikizihofia pia. Injini ya petroli ya lita sita haikutengenezwa kwa kupanda milima ya Gwassi. Vipuri vyake havipatikani kwa fundi wa Magunga, na dereva anashika usukani upande ambao hawezi kuona gari linalokuja anapotaka kupita lori la omena. Anayetoa ambulansi na aandike katika barua ya zawadi nani atalipa bima, mafuta, matairi na mshahara wa dereva, na kwa miaka mingapi. Serikali ya kaunti nayo iweke kiasi hicho katika bajeti kabla gari halijapakiwa melini.